Jiwe la Rwenzori linavyotunza hesabu ya kuondoka kwa barafu

Ndugu mleta mada, swali lako lilinisumbua hata mimi nilipoanza kazi hii: ikiwa miamba ya Rwenzori ina umri unaozidi miaka bilioni moja, mtu anajuaje kwamba barafu ililiacha jabali fulani miaka elfu ishirini iliyopita? Jibu ni kwamba hatupimi umri wa jiwe lenyewe. Tunapima muda ambao uso wake umekaa wazi chini ya anga.

Miale itokayo mbali angani huipiga dunia usiku na mchana. Chembe zake zikigonga kwatsi, yale madini meupe yang'aayo kama kioo, huvunja viini vya oksijeni, na katika vipande vinavyobaki hupatikana berili-10, aina adimu ya atomu inayojikusanya humo kadiri jiwe linavyokaa wazi. Kwenye usawa wa bahari, mbali na ikweta, gramu moja ya kwatsi hupata atomu 4 hivi kwa mwaka. Mlimani idadi huongezeka mara kadhaa, kwa kuwa hewa ya kuizuia miale ni kidogo. Ndani ya mwamba, kila ukishuka sentimita 40 hivi, atomu zinazozalishwa hupungua kwa nusu. Kwa hiyo barafu ikikwangua mwamba kwa kina cha mita mbili au tatu, karibu hesabu yote ya zamani hufutika, na hesabu mpya huanza siku barafu inapoondoka.

Umeuliza pia kwa nini isitumike kaboni-14, ile inayopima umri wa mabaki ya viumbe. Ilitumika, tena mapema. Mwaka 1962 mtafiti Daniel Livingstone alichapisha umri wa tope la chini la Ziwa Mahoma, lililo karibu mita 3,000 upande wa Uganda, akapata takriban miaka 14,700 ya kaboni, yaani kabla ya kusahihishwa kuwa miaka ya kalenda. Ilikuwa kazi ya thamani kubwa, lakini tope hutuama baada ya barafu kuondoka, na huenda likachelewa sana; umri huo unathibitisha tu kwamba wakati huo barafu ilikuwa imeshaondoka. Vipimo vya berili-10 kutoka kwenye moreni, yaani matuta ya mawe yaliyoachwa na barafu, vilichapishwa mwaka 2014 vikaonyesha kwamba barafu ilikuwa imetanda kati ya miaka 24,000 na 20,000 hivi iliyopita. Vingine vya mwaka 2019 vilionyesha kwamba ilianza kurudi nyuma takriban miaka 20,000 iliyopita, kabla kaboni dayoksaidi haijaanza kuongezeka angani. Naona uzito wa kazi hii uko hapo, kwa maana chanzo cha joto lile la kwanza katika ukanda wetu inabidi kitafutwe kwingine.

Nilipanda huko miaka kadhaa iliyopita nikiwa msaidizi wa kuchukua sampuli. Kazi yenyewe ni nyundo na tindo: unachagua jabali kubwa lililokaa imara juu kabisa ya tuta, unabandua kuvumwani iliyolowa, kisha unamegua sentimita chache za juu hadi upate karibu kilo moja. Kabla ya kuondoka unapima vilele vinavyokuzunguka, kwa sababu mlima unaoziba sehemu ya anga unazuia pia miale. Maabara huchukua wiki nyingi. Jiwe husagwa, madini yenye chuma huvutwa kwa sumaku, na kwatsi huoshwa tena na tena kwa asidi ya hidrofloriki, ambayo ni hatari kubwa kwa ngozi na mifupa. Mwishoni, ile kilo uliyoibeba mgongoni kwenye matope hubaki unga mweupe usiofikia punje ya mchele, nao ndio unaopelekwa kwenye mashine ya kuhesabu atomu.

Kilimanjaro na Mlima Kenya ni milima ya volkano, na kwatsi huko ni adimu; ndiyo maana moreni zake zilipimwa kwa klorini-36, atomu nyingine inayozalishwa na miale hiyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Klorini hiyo hutokana, pamoja na mengine, na kalsiamu, na ndiyo inayotumika kutafuta tarehe za matetemeko ya ardhi ya zamani, ambayo pia uliyauliza. Katika milima ya Apennini nchini Italia, kila tetemeko kubwa huinua ukanda mpya wa mwamba wa chokaa kutoka ardhini, na kanda hizo hujenga ukuta. Watafiti huchukua sampuli kutoka chini kwenda juu ya ukuta huo, na mahali hesabu inapobadilika kwa ngazi ndipo panapoonyesha tetemeko.

Kuhusu kuziamini tarehe hizi, nitakueleza kilichotupata. Katika tuta moja, majabali yote yalikubaliana isipokuwa moja, lililotoa karibu nusu ya umri wa majirani zake. Nilidhani tumekosea maabara, tukarudia kila hatua, na jibu likawa lilelile. Nilipozirudia picha, niliona ubavuni mwa jabali lile mstari wa rangi ya udongo, wa kahawia, uliolizunguka sentimita chache tu kutoka kileleni: kwa maelfu ya miaka lilikuwa limefukiwa, na mvua ndiyo iliyokuja kulifukua. Mstari huo ulikuwa mbele ya macho yangu siku nilipopiga tindo, na tangu hapo sipigi jiwe kabla sijalizunguka lote nikiutafuta.