Kichwa kikae upande gani? Maswali na majibu kuhusu treni za sukuma-vuta za Dublin

Nimeona picha ya zamani ya treni ya CIÉ, shirika la usafiri la serikali ya Ireland, ikielekea mji wa Bray, kusini mwa Dublin. Mbele kuna behewa tu, kichwa cha treni (kile chenye injini) hakipo. Nani anaivuta?

Haivutwi, inasukumwa. Kichwa kiko nyuma kabisa na dereva yuko mbele, ndani ya behewa lenye chumba cha kuendeshea. Treni hizo zilizaliwa kwa kuunganisha mali mbili zilizochoka. Ya kwanza ni mabehewa ya kampuni ya AEC ya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kila moja lilikuwa na injini zake mbili za dizeli chini ya sakafu, nguvu farasi 125 kila injini. Ya pili ni vichwa 34 vya aina C, vilivyoundwa na Metropolitan-Vickers vikiwa na injini za Crossley za nguvu farasi 550, injini zilizowasumbua mafundi tangu mwanzo. Kuelekea mwanzo wa miaka ya 1970 vichwa hivyo vilitolewa Crossley vikawekewa injini za General Motors za takriban nguvu farasi 1,100. Mabehewa ya AEC nayo yakang'olewa injini, yakabaki ya kukokotwa. Ukiyaunganisha hayo mawili unapata treni ya mjini kwa gharama ndogo.

Kwa nini wasikihamishe kichwa kila wakifika mwisho wa njia, kama treni nyingine?

Hesabu kazi yenyewe. Mtu anaingia kati ya kichwa na behewa, analegeza skrubu ya kuungia, anaitoa kwenye ndoano, anatenganisha mipira ya breki. Kichwa kinasogea, kinasubiri njia ifunguliwe, kinapita reli ya pembeni hadi upande wa pili, kisha yote yanarudiwa kinyumenyume na breki inapimwa upya. Dakika kumi zikitosha mmefanya vizuri, na muda huo wote mmeshikilia reli mbili. Kwenye treni ya sukuma-vuta dereva anafunga chumba kimoja, anatembea urefu wa mabehewa manne au matano, anafungua chumba cha pili, anapima breki na kuondoka. Kwenye njia ya mjini yenye treni nyingi, faida kubwa ni ile reli ya pembeni ambayo huihitaji tena.

Basi kichwa kikae upande gani?

Kitaalamu kinafanya kazi upande wowote. Kinachoamua ni stesheni. Pale reli inapoishia ukutani, kichwa kikiingia kwanza kinakwama upande wa ukuta: moshi na kelele vinabaki chini ya paa, na abiria wote wanakipita wakienda mlangoni. Kikibaki nyuma kinasimama nje ya paa, na mabehewa yako karibu na mlango. Mimi ningechagua hivyo kila mara, ila kama pampu ya mafuta iko upande mwingine bwana ratiba atakuwa na neno.

La muhimu zaidi ni kutobadilisha. Treni zote za njia moja zielekezwe upande mmoja, ili ikiharibika moja kichwa cha akiba kijulikane kinatokea wapi. Angalia reli za pembetatu: treni ikizipita kwa bahati mbaya inarudi imegeuka, kichwa upande usiotakiwa.

Vichwa 15 vya aina 121, vilivyotoka General Motors mwaka 1961, vilikuwa na chumba kimoja tu cha dereva. Kichwa cha namna hiyo kwenye treni ya sukuma-vuta lazima chumba kitazame nje. Kikitazama mabehewa, siku ya kuvuta dereva anachungulia kandokando ya boneti ndefu. Aina C ilikuwa na vyumba viwili, haikuwa na shida hiyo. Njia nyingine ni kuweka kichwa kila mwisho, kama Northern Ireland Railways walivyofanya na vichwa vyao vya Hunslet vya 1970 kwenye treni ya Enterprise ya Belfast na Dublin. Nguvu ipo, lakini unalisha injini mbili.

Dereva yuko mita mia mbele. Anaiamrishaje injini?

Kwa nyaya zinazopita chini ya kila behewa na kuungana kwa plagi kati ya moja na jingine. Kwenye vichwa vya General Motors mkono wa mafuta una nochi (hatua) 8, lakini hakuna nyaya 8. Gavana ya injini, yaani kifaa kinachodhibiti kasi yake, ina solenoidi (sumaku za umeme) nne, A, B, C na D, na kila nochi ni mchanganyiko wake. Nochi 1 hazina umeme zote. Ya 2 ni A. Ya 3 ni C. Ya 4 ni A na C. Ya 5 ni B, C, D. Ya 6 ni zote nne. Ya 7 ni B na C. Ya 8 ni A, B, C. D peke yake huzima injini.

Ukijua hayo, hitilafu inajitaja yenyewe. Dereva akilalamika kwamba akitoka nochi 1 kwenda 2 hakuna kitu, 3 kwenda 4 hakuna kitu, na 8 inavuta kama 7, waya wa A umekatika. Anza na plagi kati ya mabehewa, si gavana: pini imeingia maji au imepinda. Kama injini inaenda sawa ukiiendesha kutoka chumba cha kichwani na inakosea ukiwa chumba cha mbali, usiiguse injini kabisa.

Na kwa kuwa dereva haisikii injini, taa zake za onyo ndizo masikio: magurudumu yanateleza, injini imezima, maji yamechemka. Taa iliyoungua upande ule ni sababu tosha ya kutoondoka.

Ikisukumwa haiwezi kutoka relini?

Inaweza, ukiiendesha kama unavuta. Ukianza, weka nochi 1, acha bafa (vizuia-mgongano vya kati ya mabehewa) zibanane, ndipo uongeze. Ukisimama, ondoa nguvu kwanza, subiri sekunde chache, halafu breki. Kwenye breki za vakyumu (breki hushika hewa ikiingia kwenye bomba, huachia ikinyonywa) hewa inaingilia upande wa dereva, kwa hiyo mabehewa ya mbele yanashika kwanza huku kichwa kikiendelea kuyaegemea. Kuachia ni kinyume: mashine ya kunyonya hewa iko kichwani, hivyo behewa la mbele ndilo la mwisho kuachia. Ukiwahi kuongeza mafuta unalisukuma likiwa bado limefunga, na magurudumu yanalika bapa.

Hatari nyingine ni wepesi wa behewa la mbele. Huko Polmont, Scotland, Julai 1984, treni iliyokuwa ikisukumwa iligonga ng'ombe, behewa la kuongoza likatoka relini na watu 13 wakafa. Ndiyo maana chini ya pua ya mabehewa kama hayo leo unaona chuma kizito cha kusukumia vizuizi.

Zilikwisha lini?

DART, treni ya umeme ya mjini Dublin, ilianza Howth hadi Bray tarehe 23 Julai 1984, ikazichukulia njia yao kuu. Zilizobaki zilisogezwa kwenye njia zisizo na umeme, zikamalizia huko.