Sabuni ya kufulia inayotoa uchafu bila kunukia sana: ninavyochagua hapa Mbeya

Simama dakika chache kwenye duka lolote la sabuni pale Mwanjelwa uangalie watu wanavyonunua. Wanafungua kizibo, wananusa. Wanatikisa chupa waone kama ni nzito. Wanaitazama rangi. Halafu linakuja swali: ina povu? Muuzaji anajibu, "Dada, hii inanukia hatari, nguo inakaa wiki nzima bado inanukia." Biashara imekwisha, hela inatolewa.

Katika hayo manne, yaani harufu, uzito, rangi na povu, hakuna hata moja linalotoa uchafu kwenye nguo. Uzito wa sabuni ya maji kwa kiasi kikubwa ni chumvi. Ukikorogea chumvi kwenye sabuni yenye sles (kemikali ya kutoa povu na uchafu) inakuwa nzito palepale, na yeyote aliyehudhuria mafunzo ya ujasiriamali ya kutengeneza sabuni amefanya hivyo kwa mikono yake. Rangi ni rangi tu. Povu hutoka hata kwenye sabuni dhaifu, na sabuni nyingi za mashine za kufulia zimetengenezwa zisitoe povu na bado zinatakasa vizuri. Harufu huongezwa mwishoni, baada ya kazi yote kuisha. Mimi napima sabuni kwa kile inachokiacha: kwenye nguo iliyokauka, kwenye ngozi ya aliyeivaa, na kwenye mfereji nilikomwaga maji.

Suala la harufu ni kubwa huku kwetu kuliko Dar es Salaam, na sababu yake ni hali ya hewa. Juni na Julai nguo nzito hazikauki kwa siku moja. Tukuyu na Rungwe kwa jumla mvua inaweza kukufuata wiki nzima, kwa hiyo nguo zinaanikwa ndani, chumba kilekile mnacholala, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi. Sabuni inayonukia sana, ikiwa kwenye blanketi mbichi na masweta manne juu ya kamba ya sebuleni, inajaza nyumba nzima. Kwetu tunaishi na mama mkwe mwenye pumu, na binti yetu mdogo ana ukurutu nyuma ya magoti na kwenye mikunjo ya viwiko. Mama mkwe hana haja ya kusoma lebo. Akiingia tu anakohoa, anasema, "Mwanangu, fungua dirisha." Hapo najua sabuni hiyo hairudi tena nyumbani.

Kwa mwenye ngozi au kifua cha namna hiyo, neno la kutafuta kwenye lebo ni "parfum" au "fragrance". Likiwa karibu na mwisho wa orodha, harufu kwa kawaida ni kidogo. Lebo nyingine hutaja na majina kamili: limonene, linalool, geraniol, citronellol. Hayo yamo katika orodha ya vitu vya manukato ambavyo Umoja wa Ulaya unalazimisha vitajwe kwa sababu baadhi ya watu huwaletea aleji. Mengi kati yake hutoka kwenye mimea. Limonene imo kwenye maganda ya machungwa na ndimu, linalool imo kwenye lavenda. Kwa hiyo chupa iliyoandikwa kwamba inanukia mchaichai halisi au ndimu halisi bado inaweza kumwasha mtoto. Mimi napenda harufu ya mchaichai, na nanunua sabuni yenye nayo kwa nguo za watu wazima, lakini nguo za binti yetu na mashuka yake nayafua kwa sabuni isiyo na pafyumu kabisa.

Jihadhari pia na ahadi ya harufu inayodumu wiki nzima. Kwenye sabuni na dawa nyingi za kulainisha nguo, harufu hiyo hufungwa ndani ya vijidonge vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo hung'ang'ania kwenye uzi na kupasuka kila ukijisugua. Vingi vya vijidonge hivyo ni plastiki. Septemba 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha katazo la plastiki ndogondogo zinazowekwa makusudi kwenye bidhaa, na vijidonge vya manukato vimepewa hadi mwaka 2029 viondolewe. Huku kwetu hakuna anayevichuja. Vikitoka kwenye beseni vinakwenda mtaroni, na mtaro unakwenda mtoni.

Na mito yetu haiishii nyuma ya nyumba. Maji yanayoshuka kutoka milima ya Mbeya, Uporoto na Kipengere kuelekea Usangu ndiyo yanayokuwa Ruaha Mkuu, yanapita Hifadhi ya Ruaha, yanafika bwawa la Mtera. Ukiwa Iringa mjini, Ruaha Mdogo unapita palepale Ipogolo, nao huishia kwenye maji hayohayo. Ukiwa Tukuyu, Kiwira inateremka hadi Ziwa Nyasa, ziwa ambalo maji yake mengi huondoka kwa kukauka juani na sehemu ndogo ndiyo hutoka kwa mto Shire. Kinachoingia Nyasa kinakaa Nyasa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa kuwa eneo la kulindwa, lakini bado tunaona mabeseni na pikipiki vikioshwa ndani ya maji yenyewe. Inaniuma, kwa sababu mita chache chini yake kuna mtu anachota ya kupikia.

Kuna vitu viwili vya kuangalia hapo. Cha kwanza ni fosfeti. Kwenye lebo huandikwa "phosphate" au "STPP". Inasaidia sabuni kufanya kazi kwenye maji magumu, yaani yenye chokaa, lakini ikifika ziwani ni mbolea: mwani unastawi, unakufa, unaoza, na kuoza kunakula hewa ya samaki. Tangu katikati ya mwaka 2013 Ulaya imeibana sana katika sabuni za kufulia za nyumbani, na sabuni nyingi sasa hutumia zeolaiti, sitireti au magadi soda badala yake. Ukiona "phosphate free", hiyo ni habari njema. Ikiwa lebo haitaji chochote, usichukulie kwamba haimo.

Cha pili ni kiini chenyewe kinachotoa uchafu, kama kinaoza au la. Miaka ya 1950 na 1960 mito ya Marekani na Ujerumani ilijaa povu lisiloisha, kwa sababu kiini cha sabuni cha wakati ule bakteria walishindwa kukila. Viwanda vikabadilisha umbo lake katikati ya miaka ya 1960, na salfoniki, kiini kinachotumika leo, kwa kawaida ni ya umbo hilo jipya. Kipimo cha Ulaya sasa ni kwamba kiini kioze angalau asilimia 60 ndani ya siku 28. Lakini salfoniki huoza vizuri penye hewa, na kwenye tope jeusi la mtaro ulioziba haiendi popote. Ndiyo maana hata sabuni nzuri naitumia kwa kipimo, siimwagi.

Neno "asilia" au picha ya jani la kijani mbele ya chupa haliniambii kitu. Nageuza nyuma. Bidhaa za kutoka nje zikiwa na ua la Ecolabel la Ulaya, au Safer Choice ya Marekani, hapo kuna mtu aliyekagua viambato. Alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, nayo ni ya lazima kwangu, ingawa inahusu viwango vya ubora na usalama kwa jumla na haina maana kwamba sabuni ni rafiki wa mazingira.

Sasa tuje kwenye sabuni ambayo wengi wetu ndiyo tunayotumia: ile ya maji, kwenye chupa ya lita moja na nusu iliyokuwa ya maji ya kunywa, inayotengenezwa na dada au mama wa mtaani. Mimi ni mteja wao na nitaendelea kuwa. Faida yake ni kwamba fundi yupo, unaweza kumuuliza. Muulize kwanza anazuiaje sabuni isiharibike. Wengine wanatia fomalini, maana ni rahisi na ndivyo walivyofundishwa. Fomalini ni fomaldehaidi iliyo kwenye maji, kitu ambacho shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilikiweka mwaka 2004 kwenye kundi la vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na kwa ngozi ni kiwashi kikali. Akijibu kwamba anatia fomalini, mimi sinunui, na namweleza kwa nini, kwa heshima, maana yeye ndiye anayeivuta kila siku akiwa anakoroga. Fundi anayetengeneza kidogokidogo na kuuza ikiwa mpya anaweza kuacha fomalini kabisa.

Muulize pili kama anapima asidi. Salfoniki ni asidi kali, na magadi soda ndiyo huituliza. Akizidisha salfoniki, sabuni inaunguza mikono na kuchakaza pamba. Akizidisha magadi, mikono inakauka na kupasuka, hasa Julai wakati ngozi zetu zimeshakauka kwa baridi. Karatasi za kupimia asidi zinauzwa maduka ya kemikali, moja tu inatosha kwa pipa zima. Fundi anayekuonyesha karatasi yake bila kukasirika, huyo mshike.

Sabuni ya kipande, ya mche, msiidharau. Ni mafuta ya mimea au wanyama yaliyochanganywa na soda kali (kostiki), na inaoza haraka kuliko nyingi za kisasa. Kyela kuna michikichi, na sabuni ya mawese isiyotiwa pafyumu ina harufu hafifu inayopotea nguo ikikauka. Kwenye kola na pindo za mikono hakuna kinachoishinda: unaipaka, unasugua kwa brashi, unaacha kidogo kabla ya kuloweka. Udhaifu wake ni maji magumu. Ikikutana na chokaa kwenye maji inatoa utando wa kijivu, na kanga nyeupe inafifia. Jua maji yako kwa njia rahisi: chovya kipande kidogo cha sabuni ya mche kwenye chupa ya maji ya bomba au kisima, tikisa. Yakitoa povu safi, maji ni laini. Yakiwa kama maziwa yenye mabonge, ni magumu, na hapo sabuni ya unga au ya maji itakufaa zaidi.

Baridi ya maji ndiyo inayowaangusha watu wengi wenye sabuni nzuri. Chukua sweta jeusi la shule, lifue kwa sabuni ya unga kwenye maji ya bomba ya saa moja asubuhi hapa Uyole, likamue, lianike. Likikauka utaona vumbi jeupe kwenye mishono ya mabega na ndani ya ukosi. Hiyo ni sabuni ambayo haikuyeyuka, na ndiyo inayomkwaruza mtoto shingoni siku nzima. Yeyusha unga kwanza kwenye kikombe cha maji ya moto, koroga hadi usione chembe, ndipo umwage kwenye beseni, au tumia ya maji.

Sabuni bora za sasa zina vimeng'enya, yaani vitu vinavyovunjavunja uchafu: protizi kwa jasho, damu na maziwa, lipezi kwa mafuta, amilezi kwa uji na ugali. Ni protini na huoza zenyewe. Zinahitaji maji ya vuguvugu na muda. Loweka nusu saa hadi saa nzima. Maji yanayochemka yanaviua, na maji ya barafu yanavilaza. Lakini usiloweke sufu halisi wala hariri kwenye sabuni yenye protizi, kwa sababu na zenyewe ni protini, itazila. Utomvu wa ndizi, ambao Rungwe hauepukiki, hakuna sabuni ya mazingira niliyoiona ikiutoa ukishakauka. Nguo ya kukatia ndizi iwe ya kukatia ndizi.

Nikileta sabuni mpya nyumbani naijaribu kwa matambara mawili ya shuka moja la zamani. Kila moja nalipaka mchuzi wenye mafuta na nyanya, na udongo mwekundu uliolowa, naacha yakauke. Moja linapata sabuni mpya, lingine ile niliyoizoea, maji yaleyale, kipimo kilekile, muda uleule. Nahesabu maji ya kusuuzia. Sabuni inayotaka ndoo tatu kuondoa povu, wakati mwenzake anamaliza kwa moja, kwangu imeshindwa hata kama imeng'arisha. Kesho yake, tambara likiwa kavu kabisa, nalinusa kwa karibu. Nguo safi hainuki kitu au inanukia kwa mbali sana. Ikinuka manukato pamoja na mchuzi, harufu inafunika, haijasafisha. Weupe usikudanganye pia: sabuni nyingi zina king'arishi kinachobaki kwenye uzi na kurudisha mwanga wa bluu, doa lipo palepale ila jicho halilioni.

Maji ya kusuuzia ya mwisho nayapeleka kwenye migomba na miparachichi, nikibadilisha shina kila mara. Ya kufulia yenyewe, hasa ya sabuni ya unga, yana sodiamu nyingi inayogandamanisha udongo, kwa hiyo sinyweshei mboga za majani. Yenye blichi hayaendi bustanini kabisa, na blichi usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya choo, hutoa gesi ya sumu.

Kwa sasa tunatumia sabuni ya mche kwenye kola, na ya maji kutoka kwa fundi wa mtaani kwa zilizobaki. Napeleka dumu langu, ananijazia kabla hajatia pafyumu na rangi. Mwambie na wako hivyo mapema, kabla hajamalizia kukoroga, na umwombe akupunguzie bei, maana hivyo ni vitu viwili ambavyo hajavinunua kwa ajili yako.