Kabla ya kununua LED kwa ajili ya njia ya Likasi, pima kwanza umeme unaofika kwenye taa zako

Ndugu yangu mwenye Toyota Noah, umeuliza kama zile LED za "lumeni 20,000" zinazouzwa mjini (lumeni ni kipimo cha mwanga) zitakufaa, maana ukitoka Lubumbashi jioni kwenda Likasi, hata ukiwasha fulu (mwanga wa juu) huoni mbali. Naona wengi wamekujibu "weka LED, utasahau shida". Mimi nasema subiri kidogo. Njia hiyo naipita usiku kwa kazi, mara nyingine hadi Kolwezi, na Hilux ya miaka ya 1990 ambayo bado ina taa zake za kiwandani na balbu za kawaida za H4, zile za halojeni zenye nyuzi mbili, moja ya fulu na moja ya dimu (mwanga wa chini). Mwendesha baiskeli aliyesheheni magunia ya makala (mkaa), asiye na hata kipande cha kung'aa mgongoni, namwona mapema vya kutosha kumpisha bila kukanyaga breki kwa nguvu.

Anza na umeme. Tafuta multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, hata ya bei ndogo. Washa injini, washa fulu, kisha ingiza ncha zake nyuma ya soketi ya balbu bila kuichomoa, kwa sababu lazima upime balbu ikiwa inakula umeme. Ukiichomoa na kupima soketi tupu, utasoma volti nzuri zinazokudanganya. Kwenye Hilux yangu betri ilisoma 13.9, soketi ya taa ya kulia ikasoma 11.8. Volti mbili zilikuwa zinapotelea njiani. Na kweli safari ni ndefu: kutoka betri hadi fyuzi, hadi swichi ya usukani, kisha kurudi mbele, yote kwa waya mwembamba na viungo vilivyochakaa miaka mingi.

Sasa jambo ambalo wauza balbu hawakuambii: balbu ya halojeni haisamehi upungufu wa volti. Volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga hushuka kwa karibu asilimia 30. H4 halali ni 60W upande wa fulu na 55W upande wa dimu, na kwa volti 13.2 inatoa takriban lumeni 1650 kwenye fulu na 1000 kwenye dimu. Ukiipa volti 11.8, theluthi moja ya mwanga huo imekwenda, nawe unailaumu balbu.

Dawa yake ni relei mbili (relei ni swichi inayoamrishwa na umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa), moja ya fulu na moja ya dimu, fyuzi iliyo karibu kabisa na betri, na waya mnene kidogo, wa milimita 4 za mraba. Umeme unatoka betri, unapita kwenye fyuzi, unaingia mguu 30 wa relei (namba hizi zimeandikwa kwenye relei yenyewe), unatokea 87 na kwenda moja kwa moja kwenye balbu. Soketi ya zamani inabaki na kazi moja tu, kuiamrisha relei kupitia 85 na 86. Hapo fundi asiyezijua Toyota ndipo anapokwama: Toyota nyingi za zamani swichi yake hukata upande wa negativu, na chanya iko kwenye soketi muda wote. Mguu mmoja wa relei ukiupeleka kwenye bodi kama ulivyozoea kwenye magari mengine, relei haitavuta, mtashinda hapo mkibadilisha relei nzima kwa nzima. Miguu yote miwili ya amri, 85 na 86, itoke kwenye soketi ileile ya zamani. Halafu kwangua rangi na kutu pale waya wa negativu wa taa unapofungwa kwenye bodi. Baada ya kazi hiyo soketi yangu ilisoma 13.5, na balbu ni zilezile.

Usije ukashawishika na balbu za 100/90W. Balbu ya 60W inavuta kama ampea 5. Hiyo ya 100W inavuta zaidi ya 8, kila upande, kupitia swichi ileile ya usukani. Jirani yangu aliziuziwa na kuwekewa bila relei. Soketi ikageuka kahawia, ikalainika, ikang'ang'ania miguu ya balbu hadi ikabidi ikatwe kwa kisu, na ndani ya taa kile kioo kinachorudisha mwanga kikafuka na kubabuka. Zile za rangi ya buluu nazo ni urembo: rangi ile inazuia sehemu ya mwanga usitoke.

Turudi kwenye LED zako. Piga hesabu ya kawaida: LED nzuri hutoa lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati. Kama kifaa kinavuta wati 50, hizo 20,000 zinatoka wapi? Lakini tatizo kubwa hata si namba ya kwenye boksi. Taa ya halojeni imechongwa kwa ajili ya uzi mwembamba uliokaa mahali pamoja kamili. LED ina vipande viwili vya bapa, vinene zaidi, vikiwa pande mbili za kibao, kwa hiyo mwanga unatawanyika na mwingi unaanguka mita chache mbele ya boneti. Dereva anafurahi, lami ya karibu inawaka nyeupe. Macho yake yanazoea weupe huo, mboni zinabana, na kule mbali ambako lori limeharibika na wamelaza matawi ya miti barabarani kunazidi kuwa giza. Wapo watengenezaji wachache wanaojitahidi kuweka LED mahali uzi ulipokuwa. Kama tayari umeshanunua, simamisha gari mbele ya ukuta ulinganishe: mstari wa dimu ukitoka umefifia au umepanda, zirudishe dukani.

Plastiki ya taa je? Kwa jua letu inakuwa ya njano na ukungu. Msasa wa maji, 800 kisha 1500 kisha 2000, halafu polishi, halafu vanishi angavu inayozuia miale ya jua. Bila vanishi, njano itarudi haraka. Dawa ya meno ni kupoteza asubuhi.

Kuna jambo la dimu ambalo sisi wa Lubumbashi lazima tulijue. Kama Noah yako ni ya usukani wa kulia, taa zake zilitengenezwa kwa nchi inayoendesha kushoto: dimu yake inapanda upande wa kushoto ili kumulika ukingo wa barabara. Huku kwetu Kongo tunaendesha kulia, basi unampiga machoni anayekuja, naye anakujibu kwa fulu. Malori yanayovuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia na kusini zaidi yanatufanyia hivyohivyo, mara nyingi dereva hana hata nia mbaya. Ukipata taa za gari kama lako la usukani wa kushoto, badilisha. Usipopata, zishushe kidogo. Fulu haina shida hiyo, inakwenda mbele sawasawa.

Kupanga urefu ni rahisi: mita 10 kutoka ukutani, mstari wa dimu uwe sentimita 10 chini ya usawa wa katikati ya taa. Fanya hivyo gari likiwa na mzigo unaobeba kila siku, kwani magunia ya unga nyuma yanainua pua.

Ukishamaliza yote hayo ukaona bado haitoshi, ongeza taa mbili za spoti kwenye bampa, wala si juu ya paa ambako mwanga unagonga boneti na kukurudia. Zifunge kwa relei yake inayoamrishwa na fulu, ili ukishusha dimu nazo zizime papo hapo. Kiangazi, moshi wa nyasi zinazochomwa ukitanda njiani, zima zote ubaki na dimu. Fulu ndani ya moshi au vumbi inakujengea ukuta mweupe. Na kumbuka kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kila sekunde.

Pima kwanza. Uandike hapa volti za betri, volti za soketi ya kila upande, na herufi zilizoandikwa kwenye kitako cha balbu, kwa sababu Noah si zote zinatumia aina moja. Nikishaziona nitakuchorea waya za relei umpelekee fundi wako.