Leo Mwezi Ngapi, Profesa?

Nasomesha biolojia ya bahari chuo kikuu, na likizo hurudi kwetu Lamu. Maswali haya nimeulizwa barazani na kwa simu.

Assalaam aleikum. Kijana wangu asema waingia darasani siku mbili tu kwa wiki. Siku zilizobaki wafanya nini? (Mama, Langoni)

Waaleikum salaam, mama. Darasani ndiko kunakoonekana. Kuna karatasi za mtihani za kusahihisha, rasimu za tasnifu ambazo huzisoma hata mara tatu, na barua za kuwaombea vijana ufadhili. Somo jipya la saa moja hunila siku nzima kulitayarisha. Mikutano tuiache.

Daktari na profesa wana tofauti gani? (Shela)

Udaktari ni shahada, uprofesa ni cheo cha kazi. Mimi ninavyo vyote viwili na homa siwezi kutibu, kwa hiyo msinigongee mlango usiku.

Kila mwaka mwaja na tepu kupima mikoko. Sisi wakataji boriti twapata nini? (Faza)

Kidogo, ndugu yangu, na una haki ya kulalamika. Matokeo huandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa kwenye majarida ambayo mengine hata mimi sina uwezo wa kuyalipia. Siku hizi, kabla ya kutuma makala, huyasoma matokeo kwa Kiswahili kijijini kwanza. Mara ya kwanza tu mzee mmoja aliweka kidole kwenye ramani yangu: nilikuwa nimeandika mkandaa mahali penye muia, mkoko wa aina nyingine. Twende tukaangalie, akasema. Tulikwenda, na ni muia kweli.

Kosa gani la kazini hujalisahau mpaka leo? (Mwanafunzi, Mokowe)

Mwaka mmoja nilipanga safari ya wanafunzi 12 kwa kufuata ratiba ya chuo. Tulikuwa twenda kupima mililana, mikoko ambayo huota mbele kabisa, upande wa bahari. Pale gatini nahodha akaniuliza, "Leo mwezi ngapi, Profesa?" Nikamjibu, "Wa saba." Akacheka mpaka akaushika mlingoti. Alikuwa auliza mwezi wa mbinguni, nao ulikuwa mwezi tisa, yaani siku ya tisa tangu uandame: maji mafu, bahari haitoki vya kutosha. Tukazunguka na mashua tukiitazama mizizi ndani ya maji, wanafunzi wakila mabuyu, na pesa za mafuta zikaenda. Nami ni mzaliwa wa kisiwani, bamvua, yale maji yanayojaa na kutoka sana, nimefunzwa na babu! Tangu siku ile safari zangu huzipanga kwa kalenda ya Kiislamu: mwezi mosi au kumi na tano, na siku mbili tatu za baada yake.

Vipimo vyangu vya chumvi ya maji mikokoni ni kama gramu 35 kwa kilo ya maji, kimoja tu ni 48. Nikifute? (Mwanafunzi, mwaka wa 4)

Usikifute, mwanangu. Ulipima wapi? Kama ni nyuma ya mikoko, karibu na nchi kavu, maji hufika huko wakati wa bamvua tu. Jua huyakausha na chumvi ikabaki, basi 48 yawezekana kabisa. Lamba jani la mchu, mkoko wa hapo, utaionja hiyo chumvi. Kisha upime tena, na refraktomita, hicho kipima chumvi chako, uisuuze kwa maji matamu kwanza.