Jibu: Maoni kuhusu mihula na fedha za vyama yanapingana

Salamu, ndugu. Umehoji watu 400 katika kaunti yako: karibu wote wanataka rais akomee mihula miwili, wengi wanakubali serikali ifadhili vyama, kisha hao hao wanakataa kodi yao iende kwa vyama.

Kagua kwanza maneno ya maswali, usianze kulaumu wahoji. "Je, unakubali...?" huvuta "ndiyo", maana mtu hapendi kumbishia mgeni aliyemjia mlangoni na karatasi. Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni ya wananchi barani Afrika, kwenye swali la mihula, humsomea mhojiwa kauli mbili zinazopingana, achague moja, kisha aseme anakubaliana nayo tu au sana. Fuata njia hiyo, na kwa nusu ya madodoso geuza mpangilio wa kauli. "Sijui" iandikwe akiisema mwenyewe, isisomwe.

Kwenye fedha, neno "serikali" ndilo linalokuponza. Wengi hawalioni kama mfuko wao. Sheria ya Vyama vya Siasa ya Kenya ya 2011 inataka vitengewe angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa, kwa hiyo swali lako litaje kodi waziwazi:

"1: Vyama vipewe fedha za kodi ili visitegemee matajiri. 2: Vyama vijitegemee kwa michango, kodi iende kwenye huduma."

Halafu, tafadhali usitangaze matokeo ya kila eneo bunge. Watu 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu hutoa matokeo yenye kosa la makadirio la takriban asilimia 5 juu au chini. Wakiwa 40 tu katika eneo bunge moja, kosa hilo ni zaidi ya asilimia 15. Kama uliwapata sokoni au kwenye mkutano wa chama, hesabu hiyo haitumiki kabisa.