Mwanangu, kwanini sikukuachia ushinde

Mwanangu,

Marahaba. Meseji yako niliiona jana usiku nikashindwa kuijibu palepale, nikasema hii ngoja niikalie niiandike vizuri. Umeniambia mjukuu wangu kafungwa drafti akapindua ubao, kete zikaingia mpaka chini ya kochi, akalala analia, na mama yake anakwambia si ungemwachia tu ashinde jamani ni mtoto wa miaka 6, na hapo ndo ukakumbuka ukaniuliza, "Mama hivi kwanini wewe hukuwahi kuniachia nishinde hata mara moja?"

Nimekaa nalo hili swali tangu jana. Nakujibu yote, hata ile sehemu ambayo sipendi kuisema.

Babu yako alikuwa ananiachia. Kila tukikaa kucheza nashinda, mi najiona bingwa kabisa, mpaka nikiwa na kama miaka 9 hivi nikaenda kucheza na watoto wenzangu nikafungwa mara sita mfululizo, nikarudi nyumbani namuuliza baba inakuwaje huku kwako nashinda kule nafungwa, akacheka akasema "mi nilikuwa nakuachia ufurahi mwanangu". Alinipenda, hilo sina shaka nalo hata kidogo. Lakini siku ile ni kama alininyang'anya kete zote nilizowahi kumla. Nikikumbuka mchezo wowote nilioshinda nikawa najiuliza, na huu je? Nikaapa moyoni kwamba mtoto wangu akishinda atajua kashinda.

Ila kutokukuachia sio kukukandamiza, na nadhani hapa umesahau. Hukumbuki nilikuwa naanza na kete 8 wewe una 12? Ukinifunga mara tatu naongeza moja, tukaenda 9, 10, tukakaa sana kwenye 11 (pale ulinisumbua mno, ulikuwa unalia hadi kwikwi). Hata kwenye chesi mchezaji mkali akicheza na anayejifunza anaweza kumtoa malkia wake kabla hawajaanza. Tofauti na alichofanya babu yako ni kwamba hapa hakuna siri, wote wawili mnaona ubao, mnajua fulani kapungukiwa ngapi, kwa iyo ukinifunga umenifunga kwa masharti tuliyokubaliana na hakuna mtu atakuja kukwambia kesho ulikuwa unaachiwa. Kwa umri wa mjukuu wangu hata 8 ni nyingi, anza na 6.

Alafu zile siku ulikuwa umechoka au umetoka kununa nilikuwa nachomoa nyoka na ngazi, unakumbuka, sio drafti. Nilifanya makusudi. Dadu haijui nani mama nani mtoto, ukipanda ngazi umepanda, mimi nikimezwa na nyoka nimemezwa, hakuna cha akili pale, na mtoto wa miaka 5 ana nafasi sawasawa na mtu mzima. Ludo iko katikati, dadu inakupa namba lakini kete ipi usogeze unachagua mwenyewe. Mpitishe mtoto humo taratibu, drafti ni kali kwa mtoto maana hakuna bahati ndani yake, ukifungwa huna pa kusingizia.

Kitu kimoja nilikuja kukigundua kwa kukuangalia na simu yangu, ile Nokia 3310 iliyotoka mwaka 2000, gemu ya nyoka. Ulikuwa unajigonga mara hamsini kwa siku na hulii, unaanza upya, betri inaisha unakasirikia betri. Ukifungwa na mimi mara moja, machozi. Nilichukua muda mrefu sana kuelewa kwanini. Simu haifurahi ikikushinda mwanangu, haikuangalii usoni. Mimi nilikuwa nafurahi, nilikuwa natabasamu bila kujijua, na wewe ulikuwa unaniona.

Sasa ile sehemu nisiyoipenda.

Ulikuwa na miaka 13, kete 12 kwa 12, ukanifunga. Mara ya kwanza bila nyongeza yoyote. Ukanyanyua uso ukaniangalia, na mimi, ambaye nilisubiri ile siku miaka yote, mdomo ukatoa "aah, leo nimekosea tu". Ukanyamaza. Ukapanga kete kwenye boksi polepole ukaenda zako, na tangu hapo hatukucheza tena kama zamani, kila ukiulizwa una homwoki. Mi niliona umekua tu. Nilidhani ni umri.

Miaka kadhaa baadae nikakutana na habari kwamba watu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Alberta kule Kanada, wakiongozwa na Jonathan Schaeffer, walitangaza mwaka 2007 kwamba wameimaliza drafti ya Kiingereza, nayo ya miraba 64 na kete 12 kila upande kama yetu. Kazi waliianza 1989. Na jibu walilolipata ni kwamba wakikaa wawili ambao hawakosei hata hatua moja, mchezo unaisha droo. Yaani kwenye drafti hiyo hakuna mtu amewahi kushinda isipokuwa mwenzake kakosea mahali. Nilisoma pale nikaweka chini nilichokuwa nacho mkononi. Nilikwambia nimekosea tu kana kwamba hilo linapunguza kitu, kumbe ndo ushindi wenyewe huo, kuliona kosa la mtu na kujua la kufanya nalo. Na mimi kila nilipokufunga nilikufunga hivohivo.

Ilitakiwa nikupigie siku ile. Sikupiga, nikaona ni jambo la kitoto na wewe ushakuwa mtu mzima na kazi zako.

Kwa iyo mtoto akiamka usimwambie kufungwa si kitu, kwake ni kitu. Rudisheni kete pale palipoharibika, ubao uleule, umuulize wewe hapa ungepita wapi, akipata njia muendelee kutokea hapo. Mimi sikuwahi kufanya hivyo, mchezo ukiisha nilikuwa nakusanya kete naenda kwenye shughuli zangu na wewe unabaki na kilio chako. Na akikufunga, hata kama una kete 6, chunga sana sentensi ya kwanza itakayokutoka mdomoni.

Jumamosi nipigie video mkianza, nataka nimuone bingwa wa drafti mwenyewe.

Na wewe. Ile siku ulipotoa kete moja nikaila kwa haraka, alafu ukaruka ukala zangu tatu na kuingia kingi, ile njia sikuwa nimeiona. Niliiona baada ya wewe kupita. Ulinifunga mwanangu.

Mama