Kuunga bagi la rimoti kwa spea za kuchinja: pesa hupotelea kwenye maungio

Muuzaji aliniambia ndani ya boksi mna "gari moja na nusu". Ilikuwa Jumapili asubuhi hapa Leicester, kwenye lile soko ambalo watu hufungua buti za magari yao na kuuza vilivyowajaa darini. Boksi lenyewe lilikuwa la viatu. Ndani mlikuwa na chasisi ya Grasshopper iliyopasuka ubavuni, giaboksi ya Hornet iliyojaa mchanga, mikono miwili ya mbele (ile inayoshika magurudumu) isiyofanana, matairi matatu, na bodi isiyo na pua. Akataka pauni 20. Nikatoa. Mama yangu kule Tanga akisikia nimelipa bei ya kwanza bila hata kusema "punguza kidogo", hatanielewa.

Kwa wageni wa mambo haya: Grasshopper na Hornet ni mabagi ya rimoti, yaani vigari vya kuchezea vya kukimbiza kwenye mchanga na matuta, ya kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani. Yote mawili yalitoka 1984, ni ya kipimo cha 1 kwa 10, na yanasukumwa na magurudumu ya nyuma. Yalikuwa ya bei nafuu enzi zake, ndiyo maana bado yamejaa kwenye madari ya Uingereza. Lakini kinachonifanya niyapende mimi fundi wa kuungaunga ni kwamba mifupa yao karibu ni ileile. Grasshopper ilikuja na mota ndogo ya saizi ya 380. Hornet ikapewa mota kubwa zaidi, ya 540, na shokapu za mafuta nyuma. Ukichinja moja, nyingine inakula.

Hilo ndilo jambo la kwanza ningemwambia mtu anayeanza: chagua ukoo kabla hujachagua gari. Mwaka huohuo wa 1984 Wamarekani wa Team Associated walitoa RC10, lenye chasisi ya alumini ya rangi ya dhahabu. Ni gari zuri hasa, mimi mwenyewe nalitamani. Ila spea zake halisi zinagombewa na wakusanyaji, na ukigombana na mkusanyaji kwa pesa za mshahara wa kawaida utashindwa tu. Tafuta gari lililokuwa la watoto wengi. Wengi walilivunja, kwa hiyo vipande vimetapakaa.

Zaidi ya hapo, Tamiya walianza kuyatoa tena haya mawili, Hornet 2004 na Grasshopper 2005, na spea nyingi za toleo la marudio huingia kwenye gari la zamani. Kwa hiyo kabla hujalipa bei ya "adimu" kwa kipande cha plastiki, angalia kwanza kama kinauzwa kipya. Na kama huna chasisi nzima wala giaboksi nzima, acha ubishi, nunua seti mpya. Nimeona watu wakiunga kwa "bei rahisi" mpaka wakapita bei ya seti yenye kila kitu.

Mimi nilichokuwa nacho kwenye boksi kilikuwa mfupa, na mfupa ndio wa kununua. Bodi isikubabaishe. Bodi na stika hupatikana, watu wanazichapa upya kila siku. Giaboksi ndiyo ya kukagua pale pale sokoni: zungusha ekseli moja kwa mkono, ya upande wa pili izunguke kinyume bila kukwama wala kuruka. Ikiruka, ndani ya difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, kuna jino limeng'oka.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nikae niandike haya. Kuunga gari kwa spea mchanganyiko si suala la kupata vipande rahisi, vipande vipo. Pesa hupotea pale kipande kimoja kinapokutana na kingine. Gia na gia, shafti na tundu lake, plagi na plagi. Kila kampuni na kila kizazi kina vipimo vyake, na vingi vinafanana kwa macho.

Mfano wa meno ya gia. Gari langu la kwanza nilitia gia ndogo ya mota niliyoitoa kwenye gari la kampuni nyingine. Niliiweka, ikakaa, nikaizungusha kwa kidole, ikazunguka. Nikashangilia. Uwanjani ikalia kama cherehani yenye hasira, na dakika kumi baadaye gia kubwa ya plastiki ilikuwa imenyolewa upara. Kumbe meno ya gia hizi hupimwa kwa njia mbili: Wajapani wengi hutumia moduli, 0.6 au 0.8, na Wamarekani hutumia pichi, 48 au 32. Pichi 32 na moduli 0.8 ni kama ndugu, huvumiliana. Lakini pichi 48 na moduli 0.6 hufanana tu usoni, ukiziozesha zitatafunana. Uliza kipimo. Muuzaji akikujibu "inaingia tu", rudisha.

Halafu tundu la gia hiyo. Shafti ya mota ya 380 ni milimita 2.3, ya 540 ni milimita 3.17. Nililijua hilo, na bado nikanunua gia yenye tundu la 2.3 kwa ajili ya mota ya 540, kwa sababu nilinunua usiku nikiwa nimechoka. Pauni 4 hizo. Mtu asinunue spea baada ya zamu ya usiku.

Sevo ndiyo iliyonivunjia gari. Sevo, kwa asiyeijua, ni kile kimota cha kukata kona, na juu yake kuna kichwa chenye meno madogo mno ambapo mkono wa usukani hukaa. Meno hayo hutegemea kampuni: ni 25 kwa Futaba na Savox, 24 kwa Hitec, 23 kwa JR na Sanwa. Nilipata sevo ya mtumba kwa pauni 8, ya meno 23, nikanunua mkono mpya wa meno 25 kwa pauni 5. Ulikuwa unalegea kidogo. Nikaukaza kwa skrubu, nikajiambia plastiki itajichonga yenyewe. Ilijichonga kweli. Katika kona ya tatu sevo ilizunguka peke yake ndani ya mkono, magurudumu yakabaki yameelekea kulia, na bagi likaenda kulibusu tofali la ukingo wa bustani. Mkono wa mbele wa upande wa kulia ukavunjika, ule uliokuwa mzima. Mkono sahihi wa sevo nilikuja kuukuta kwenye droo yangu, kwenye mabaki ya gari la kwanza. Ulikuwa hapo muda wote.

Kwa hiyo zana ya kwanza kununua ni vernia, kile kipimio cha kubana kitu na kusoma milimita zake. Ya plastiki inatosha. Zana ya pili ni bisibisi ya nyota ya Kijapani, aina ya JIS. Skrubu za Tamiya zimetengenezwa kwa ajili yake. Hii bisibisi ya nyota ya kawaida tuliyonayo nyumbani hupanda juu na kula kichwa cha skrubu, na skrubu iliyoliwa kichwa ndani ya plastiki ya miaka arobaini ni kazi ya mchana kutwa. Na magurudumu: mengi ya kisasa hushika kwenye heksa (kitako cha pembe sita) ya milimita 12, ya zamani yana mitindo yao. Usinunue rimu kwa kupenda sura.

Umeme haukunichelewesha sana. Magari haya yalitoka na kidhibiti mwendo cha kimakanika: sevo ya pili inasukuma mkono juu ya vipande vya shaba, na umeme uliozidi unageuzwa joto kwenye rizista. Ni kitu cha kupendeza kukitazama. Kiweke kwenye mfuko, andika jina juu, siku moja mtu atakitaka. Mimi niliweka Hobbywing 1060, kidhibiti cha elektroniki kwa mota za brashi, pauni 17. Kina vijipini viwili vya kuchagua, kimoja cha aina ya betri. Kikague. Kikiachwa kwenye NiMH (betri ya nikeli) huku umeweka betri ya LiPo (ya lithiamu), hakitaijua kiwango chake cha kuzima, na betri itanyonywa mpaka iharibike. Rimoti za zamani za megahezi 27, zenye kristali za kubadilisha masafa, ziache pia. Rimoti ya gigahezi 2.4 pamoja na risiva yake nilipata kwa pauni 28 na sijawahi kugombania masafa na mtu.

Betri ndiyo iliyoniuma zaidi. Nilinunua LiPo ya seli mbili yenye ganda gumu, pauni 22, nikijiona mjanja. Haikuingia. Chasisi hizi zilifinyangwa kwa ajili ya betri za seli za duara zilizopangwa kama soseji, na ganda la pembe nne liligomea pale kwenye mikunjo. Wapo wanaochonga chasisi. Mimi chasisi ya 1984 siichongi. Nikanunua NiMH ya seli sita, volti 7.2, pauni 15, ikaingia kama imezaliwa humo. LiPo ile ipo kabatini inangoja gari jingine. Plagi nyeupe ya zamani nilikata, nikalehemu nene zaidi, maana ile hupata moto mota ikivuta sana. Lehemu upande mmoja kwanza, funika, ndipo ukate waya wa pili. Nyaya mbili za betri zikigusana hazisamehi.

Ufa wa chasisi uliniogopesha bila sababu. Plastiki yake ni ABS, na ABS huyeyuka kwenye asetoni. Nilivunjavunja mabaki ya fremu za plastiki ya ABS, nikayaloweka kwenye kichupa cha asetoni usiku kucha, asubuhi nikawa na uji mzito. Kwanza toboa kitundu cha milimita 2 pale ufa unapoishia, ili usiendelee. Kisha paka uji ndani ya ufa, weka kiraka cha ABS kwa ndani, bana, acha siku mbili. Fanya hivyo nje, mbali na moto. Na chupa hiyo isikaribie bodi ya Hornet: ile ni polikaboneti, na asetoni huifanya ijae nyufa kama sahani ya zamani. Bodi hiyo hupakwa rangi kwa ndani, ile ya Grasshopper ni plastiki ngumu na hupakwa kwa nje. Mikono ya nailoni iliyokauka na kuwa kama biskuti, ichemshe kwenye maji. Nailoni hunywa maji na kurudisha unyumbufu. Usichemshe ABS, utapata bakuli.

Pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote ni pauni 9 za beringi. Gari lilikuja na bushi za plastiki, na mchanga wa miaka ulikuwa umezila mpaka magurudumu yanayumba. Beringi za 5 kwa 11 kwa 4 zinauzwa kwa pakiti na ndizo Tamiya wanazotumia sehemu nyingi, lakini pima tundu zako. Baada ya hapo mota ya kawaida ya 540 inatosha. Nakuomba usitie mota isiyo na brashi. Nyuma ya bagi hili mota na giaboksi hucheza juu na chini pamoja kama kitu kimoja, uzito wote huo, ndiyo maana linarukaruka kama mbuzi likipita matuta. Ukiliongezea nguvu litaruka zaidi. Watu wanatumia pesa nyingi kulitibu. Mimi naona ndiyo raha yake.

Jumla: boksi 20, kidhibiti 17, rimoti 28, sevo 8, beringi 9, betri 15, na matairi mawili ya nyuma 12. Pauni 109. Mkono wa mbele uliovunjwa na tofali niliuunga mwenyewe bila kununua mwingine. Lakini kuna pauni 31 ambazo hazimo kwenye gari: gia yenye tundu dogo, mkono wa sevo, na ile LiPo. Zote tatu zilipotea kwenye maungio, na hata moja haikuwa kipande kibovu.

Betri ilikuwa inacheza kidogo ndani ya nafasi yake. Nilikata kipande cha ndala kuukuu nikakipachika mwishoni, kikatulia. Utotoni magari yetu ya waya yalikuwa na matairi ya ndala, kwa hiyo sikuhitaji kufikiri sana. Springi za mbele bado hazifanani, gari linainama kushoto kidogo, na kwenye rimoti nimesogeza usukani pointi mbili kulia. Linakwenda.

Jumapili iliyopita nimemkuta yule muuzaji na boksi jingine, safari hii la biskuti. Akasema pauni 20. Nikatoa vernia mfukoni, nikapima shafti ya mota mbele yake, nikaanzia 8.